Wasafiri Wasiotoka Nyumbani

Kibakwe, 3 Juni 1912

Mpwa wangu Yudith,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kutafuta kwanza sababu ya huzuni, kisha ndipo wamhudumie mwenye huzuni. Humzunguka kama watu wanaotafuta mwizi. Umefiwa? Umedhulumiwa? Nani amekutazama vibaya? Asipokuwa na jibu, humwambia basi inuka, huna ugonjwa.

Nakuandikia hivi kwa sababu barua yako imejaa maswali ya namna hiyo. Unasema hamkufiwa, ng'ombe wako salama, uwele umejaa vilindoni, katika yale mapipa makubwa ya nafaka, mpaka mvua zijazo, na mumeo hakugombana na mtu. Lakini mumeo huyo Silvano, fundi wa mbao aliyekuwa akiimba pamoja na randa yake tangu alfajiri, sasa haamki, hali, haogi, na ukimsemesha hujibu kama mtu aliye chini ya kisima. Kwetu watu husema amerogwa. Mimi, kwa miaka niliyoshika funguo za kabati la dawa kule Mpwapwa nikimfuata daktari kitanda kwa kitanda, nimeiona hali hii kwa Mkristo, kwa Mwislamu na kwa mzee wa matambiko. Naiita huzuni isiyo na msiba. Ni ugonjwa kama homa ilivyo ugonjwa, wala haiondoki kwa kukemewa. Umewahi kuiona homa ikiona haya?

Sasa sikiliza ninachokijua. Usimwulize kwa nini. Mtoe nje kila asubuhi, hata kama ni kukaa tu ukutani, maana giza huulisha ugonjwa huu. Usimnyang'anye kazi zote ukidhani unampumzisha. Mwachie moja ndogo, kufunga kamba ya kigoda au kunoa kisu, na usimsifu kama mtoto akiimaliza. Pombe asiiguse. Chakula kidogo mara nyingi. Na zaidi ya yote, awepo mtu mmoja asiye wa nyumbani, rafiki, aje kila siku akae naye, aseme au asiseme. Nyinyi wa nyumbani mnampenda, na kwa hiyo mnamtazama mno.

Haitakwenda haraka. Ugonjwa huu huingia kwa miguu na hutoka kwa miguu.

Mjomba wako,
Nikodemo


Makole, Dodoma, 14 Juni 1912

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mtu aliyepanda gari la moshi pale Gulwe.

Nimefanya kama ulivyosema. Asubuhi Silvano hutoka, hukaa juani. Hamidi bin Shaban, yule rafiki yake mwenye duka la nguo, huja jioni wakacheza bao. Jana alikula ugali na mlenda. Majirani wanamsalimu naye anaitika. Nimepata pia unga wa usingizi katika nyumba ya dawa ya misheni.

Nina jambo dogo la kukuuliza. Mtu akizoea kunong'ona kwa muda mrefu, sauti yake huweza kupotea? Na ngozi ya Silvano imepauka, imekuwa kama ya kuku aliyeatamia. Hilo nalo ni la ugonjwa huu?

Tafadhali usimwandikie mtu mwingine hapa Dodoma. Mambo ya nyumba yetu niandikie mimi tu.

Ni mimi,
Yudith


Kibakwe, 24 Juni 1912

Mpwa wangu,

Barua yako imenipa usingizi mzuri. Watu hupewa ushauri mchana na kuusahau jioni. Wewe umeufuata neno kwa neno.

Kuhusu ngozi kupauka, nitakueleza. Mtu asiyekula vizuri hupungukiwa damu, na damu ikipungua weupe huonekana kwanza ndani ya kope na kwenye viganja. Mpe maini mnapochinja, na majani mabichi. Kuhusu kunong'ona, wagonjwa hawa husema kwa sauti ndogo kwa sababu hata pumzi huwachosha. Itarudi.

Kuhusu unga ule, niambie unampa kiasi gani, na kama kuna dawa nyingine yoyote nyumbani, hata ya kienyeji, hata ya kufukiza. Sidharau dawa za wazee. Lakini dawa mbili zisizojuana hukutana tumboni kama mafahali wawili, na anayekanyagwa ni mgonjwa.

Umpe Silvano karatasi aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake.

Nikodemo


Dodoma, 1 Julai 1912

Kwa Mzee Nikodemo, Kibakwe,

Shikamoo mzee. Mimi ni Hamidi bin Shaban, wa duka la nguo karibu na stesheni. Hatujaonana, ila Silvano amenisimulia habari zako mpaka nadhani nakujua. Alisema ukiulizwa saa, huanza na habari za jua.

Nakuuliza kuhusu huyo huyo Silvano. Tangu mwezi wa nne mkewe anasema amekwenda Tabora, kuna kazi ya milango. Nami nikafurahi, nikatuma salamu, nikaletewa salamu. Sasa shemeji yangu Zaidi amekuja kutoka Tabora. Mafundi wa kule anawajua wote, na hakuna aliyemwona. Nikamwuliza Yudith. Akasema, "Tabora ni kubwa, shemeji." Kisha akaangalia pembeni akaniuliza bei ya chumvi, na mimi siuzi chumvi.

Bao letu liko dukani kama alivyoliacha. Ilikuwa zamu yake. Nimekataza mtu kuligusa. Mteja mmoja mnene alilikalia, nikamwuzia kitambaa kibovu kwa makusudi. Kama yuko kwako Kibakwe, mwambie kete zinaota vumbi. Kama hayuko kwako, mzee, niambie.

Hamidi bin Shaban


Kibakwe, 8 Julai 1912

Yudith,

Nimepata barua ya Hamidi. Sijamjibu neno.

Kumbe umemficha ndani, ngozi ya Silvano imepauka kwa kukosa jua, na mnanong'ona ili msisikike, nami nikakueleza habari za damu na maini. Sikukasirikii. Ila siwezi kumtibu mtu niliyeelezwa mwingine. Niandikie kweli yote, hata ile unayoionea haya, na hasa ya dawa.

Nikodemo


Makole, 14 Julai 1912

Mjomba,

Shikamoo. Nitasema.

Siku ile alikuja askari wa boma kuulizia milango ambayo bwana mkubwa aliagiza. Silvano alikuwa amelala amegeukia ukuta. Niliona haya. Fundi mzima, hana homa, hana jeraha, nimweleze nini askari? Nikasema amepanda gari la moshi kwenda Tabora. Lilikuwa neno moja tu. Askari akaenda zake. Jioni jirani yangu Loisi akauliza, nikamwambia hivyo hivyo, maana sikuweza kuwa na maneno mawili. Baada ya hapo ikawa Makole yote. Watu wakaanza kuleta salamu. Loisi alileta hata karanga, nimpelekee akipatikana mtu wa kwenda.

Nikamhamishia chumba cha ndani kabisa, nyuma ya vilindo, gizani, mgeni akija asimwone. Hutoka kujisaidia watu wakishalala. Ile habari ya kukaa juani niliyokuandikia ilikuwa ya uongo, na ya bao pia. Nilitaka walau katika barua awe anafanya uliyosema. Sasa hata akipata nguvu, namtoaje nje mtu aliyeko Tabora? Askari atasema alikimbia kazi ya serikali, nawe unaijua hamsa ishirini, viboko vile vya boma.

Dawa ni mbili. Unga wa misheni nilisema ni wangu, kwamba asiyelala ni mimi, kwa kuwa Silvano hayupo. Wakanipimia mimi. Na mganga Matonya alinijia kwa siri kutoka Chamwino, akanipa maji ya magome ya mti. Nilipomwuliza ni mti gani akasema, "Dawa ikitajwa hupoa." Akanikataza kumwambia yeyote. Ijumaa moja nilimpa zote mbili. Alilala mpaka Jumapili. Nilikaa nimeweka mkono puani mwake. Kengele ya kanisa ikalia, watu wakapita mlangoni wakisema, "Yudith, huji?" nikajibu kwamba nina wageni.

Nimempa nafasi hii chini aandike.

Yudith

*Mjomba, shikamoo. Nyuma ya vilindo nasikia kila kitu. Watu huja wakiniulizia, na Yudith huwajibu kwamba sijambo, nafanya kazi, nawasalimu. Mwanzoni iliniuma. Sasa nasikiliza kama habari za ndugu yangu. Silvano wa Tabora ni mtu mzuri, ana bidii, watu wanampenda. Yule akiwapo, huyu wa hapa sioni anahitajiwa kwa lipi. Usimlaumu mke wangu. Silvano.*


Kibakwe, 20 Julai 1912

Silvano mwanangu, na Yudith,

Someni pamoja.

Silvano, nakuuliza wazi, kama nilivyomwona daktari akiwauliza wagonjwa bila kupepesa macho. Unafikiria kufa? Watu huliogopa swali hili. Hudhani kuuliza ni kumpandia mtu wazo. Si kweli. Aliye na wazo hilo amelibeba peke yake, na kuulizwa ni kusaidiwa kushika upande mmoja wa mzigo. Usinijibu mimi, nipo mbali. Mjibu mkeo kwa mdomo, mkishamaliza mstari huu.

Yudith, akisema ndiyo, usipige kelele, usimlaumu, wala usimwache peke yake hata kwa kwenda kuteka maji. Kamba, patasi, na dawa zote mbili zitoke nyumbani leo. Asipewe dawa yoyote kati ya hizo mpaka waliozitoa wamejua nani anayezinywa. Wa misheni ajue kwamba aliyempimia siye mgonjwa. Na Matonya ataje mti wake. Mwambie hivi kutoka kwangu: dawa haipoi kwa kutajwa, anayepoa ni mgonjwa. Nami nimewalaumu wa upande wetu vile vile, maana hata kule Mpwapwa chupa zilibandikwa majina ya Kilatini, na anayezinywa hakuambiwa kitu. Siri ya mganga na siri ya daktari zimeketi katika tumbo la mtu mmoja nyuma ya vilindo, na kila moja inadhani iko peke yake.

Mnisikilize vizuri katika jambo hili. Habari kwamba Silvano anaumwa ni mali ya Silvano; sina haki ya kuigawa. Ndiyo maana barua niliyomwandikia Hamidi nimeiweka humu humu, bila kuifunga. Isomeni. Lakini ujuzi wa ugonjwa wenyewe, jinsi unavyoingia, unavyolishwa na unavyopunguzwa, huo si mali ya mtu, na anayeuficha anaiba.

Silvano, unasema watu wana Silvano wa Tabora. Yule hawezi kumaliza mchezo wa bao. Kuna mtu amezuia wateja wake wasiguse kete miezi yote hii, anasubiri zamu ya mtu wa hapa.

Mkikubali ajue, mpelekeeni barua yake leo. Mkikataa nitakuja mwenyewe, ila magoti haya hufika yakiwa yamechelewa.

Nikodemo


Dodoma, 2 Agosti 1912

Mzee Nikodemo,

Shikamoo. Yudith alikuja dukani amejitanda khanga mpaka machoni. Nikamwambia, "Shemeji, chumvi bado siuzi." Hakucheka. Akanipa barua yako, iko wazi, na nyuma yake Silvano ameandika neno moja: *Njoo.*

Nilifunga duka, nikajitwika bao kichwani, kete nimezifunga kwenye kilemba. Njiani watu wakauliza, "Hamidi, umefilisika, unauza bao?" Nikawaambia naenda Tabora. Wakacheka. Miye sikucheka tena nilipofika nyuma ya vilindo. Mzee, sikujua mtu anaweza kupungua hivyo karibu na watu wanaompenda.

Nikasema, "Fundi, umerudi lini?"

Nikaendelea, "Huko Tabora hawali? Wewe fundi wa mbao, umekuwa ubao wenyewe."

Akasema, "Hamidi, unapiga kelele."

Nikamwambia, "Ndiyo, na nitaendelea, mpaka uje unipige."

Aliinuka akishika ukuta. Hakutoka nje kabisa. Alikaa kwenye kizingiti, miguu juani, uso kivulini. Nilipanga kete kama zilivyokuwa. Alizitazama mpaka nikadhani amelala. Akacheza zamu yake, akanila nusu ya kete zangu, akarudi ndani bila kuaga. Kesho yake hakutaka kuniona. Kesho kutwa alitoka. Jana tena hakutoka.

Swali lako Yudith alimwuliza. Alijibu ndiyo. Patasi na kamba ziko kwangu, chini ya majora ya nguo, na tunapokezana kukaa naye.

Matonya tulimwita. Alikuja na hasira, akasema mimi mtu wa mjini nataka kumwibia kazi. Nikamsomea mstari wako ule wa dawa kupoa. Alitafuna mswaki wake kwa muda mrefu. Akamtazama Silvano, akauliza, "Alilala siku hizo zote?" Yudith akasema ndiyo. Basi akautaja mti, mbele yetu sote, na kiasi chake, na nani asipewe. Jina nimekuandikia upande wa pili wa karatasi. Mtu wa misheni naye ameambiwa. Alishika kichwa, akasema unga ule usiguswe tena pamoja na magome hayo.

Askari niliongea naye. Amesema milango ikipatikana mwisho wa Septemba, ni sawa. Isipopatikana atakuja na kiboko. Hilo sikumwambia Silvano.

Watu wa Makole wengine wanacheka, wanamwita Mtabora. Wengine wamekasirika kwa salamu zao. Loisi alidai karanga zake. Nikamwambia, "Mama, mgonjwa alizila." Akasema basi zimefika.

Lakini jioni alirudi, akasimama mlangoni kwangu, haingii wala haondoki. Akasema, "Ile barua ya mzee, inayosema usimwulize kwa nini. Nisomee." Yudith alikwisha kunipa barua zile na ruhusa, nikamsomea ile ya kwanza. Ilipokwisha akasema, "Tena." Nikaisoma tena. Akasema, "Anyesi wangu hayuko Kilimatinde."

Anyesi ni binti yake. Sote tunajua amekwenda kwa shangazi yake Kilimatinde. Nikamwuliza, "Yuko wapi?"

Akasema, "Yupo." Akaonyesha upande wa nyumba yake kwa kidevu. Tangu mavuno ya mwaka jana, mzee. Nimepita mlangoni pa nyumba ile mara nyingi, na nimemtumia salamu yule binti kwa mdomo wangu.

Loisi anaomba umwandikie. Hajui kusoma. Nami sasa nikipita Makole nasikiliza kuta, najiuliza nani mwingine amesafiri.

Hamidi


Kibakwe, 9 Agosti 1912

Hamidi, kabla hujasoma kwa sauti: la askari mwambie Silvano mwenyewe. Usimwanzishie safari nyingine. Huenda mlango mmoja akauweza, au kuwaelekeza vijana wakauweza, na aamue yeye. Yanayofuata ni ya Loisi, na ya yeyote atakayesimama hapo mlangoni kwako. Usiwafukuze.

Mama Anyesi,

Hamidi ameniambia umesimama mlangoni na hukuingia. Napajua pale uliposimama. Wengi wamesimama hapo.

Sitakuuliza kwa nini ulimficha. Watu wakisikia binti ana ugonjwa wa namna hii husema ukoo una laana, na mchumba hapatikani. Ulitaka kumlindia kesho yake. Yudith naye alikuwa akimlindia mumewe jina. Mapenzi ndiyo yaliyofunga milango hiyo, si ubaya. Lakini ugonjwa huu una tabia moja ambayo lazima uijue: humwambia mgonjwa kwamba hahitajiki. Nasi tunapowaambia majirani kwamba hayupo, na maisha yakaendelea, na salamu zikaenda na kurudi bila yeye, tunakuwa mashahidi wa ugonjwa. Mgonjwa husikiliza nyuma ya vilindo na kusema, kumbe ni kweli.

Sikudanganyi. Silvano hajapona. Ziko siku anazotoka na siku anazogeukia ukuta, na sijui zipi zitashinda. Nimewaona waliopona wakaoa na kulea watoto, na nimewaona wawili niliowazika mimi mwenyewe, mmoja akiwa kijana wa kuimba vizuri kanisani. Hakuna dawa ninayoijua ya kukuhakikishia. Mti wa Matonya humpa mtu usingizi, na usingizi ni msaada, si kupona. Kipimo chake na hatari yake Hamidi anavyo. Mwulize, naye asimnyime mtu yeyote anayeuliza. Matonya amefanya jambo gumu kuliko langu, maana mimi nilifundishwa kusema na yeye alifundishwa kunyamaza.

Binti yako atakapotoka, jua litamuumiza macho. Watu watamtazama. Atataka kurudi ndani, na siku ya kwanza mwache arudi. Usimwombe acheke. Usimwambie wenzake wanavyofanikiwa. Mpe kazi moja ya mikono, kama kuchambua karanga, ikiwa Silvano hakuzila zote. Kisha umwulize lile swali ambalo Yudith alimwuliza mumewe, kwa sauti ya kawaida kama unavyouliza kama amekula, na jibu lolote atakalokupa, baki hapo ulipoketi.

Anayesikiliza hapo pamoja nawe, mwenye msafiri wake nyumbani, ajue kwamba barua hii ni yake pia. Anayejua kuandika aiandike upya na kuipeleka Chamwino, Mpwapwa, popote. Sihitaji jina langu libaki juu yake.

Mzee wenu,
Nikodemo

Nimekwisha kutia sahihi, lakini naona nimeeleza mengi kama kawaida yangu, na wewe una jambo moja tu la kufanya. Mama Anyesi, leo, kabla hujabandika chungu, fungua mlango wa chumba cha ndani, mwite binti yako kwa jina lake kwa sauti wanayoisikia majirani, na umwekee kigoda juani.